Siku 40 na nahau moja: shajara ya fundi friji wa Tanga

Siku ya 1

Nimefungua kaunta buku mpya leo, na ukurasa wa kwanza nimeandika nahau moja tu ya Kiingereza: "get the gist". Maana yake ni kushika kiini cha jambo hata kama maneno mengine yamekupita. Mradi ni huo peke yake. Nataka niijue nahau hii mpaka niitumie kazini bila kuitafuta kichwani.

Sababu iko ndani ya boksi, pale kona ya karakana yangu hapa Ngamiani. Mwezi uliopita nilimpigia simu muuza vipuri wa Dubai kuagiza kompresa ya friji ya mama mmoja anayeuza samaki. Yule bwana akaeleza kwa muda, Kiingereza cha kasi, na mwisho akaniuliza: "You get the gist?" Nikajibu "Yes". Neno lile la mwisho sikulijua. Nilijibu ndiyo kwa sababu sauti yake ilikuwa inangoja ndiyo.

Kompresa iliyokuja ni ya gesi ya R600a. Friji ya mama ni ya R134a. Umbo lilelile, umeme uleule wa volti 220 hadi 240, lakini gesi mbali na oili mbali, huwezi kuzichanganya. Yeye alinieleza, nadhani hata mara mbili. Kosa ni langu.

Mama yule hadi leo ananunua barafu kila asubuhi kuhifadhi samaki wake.

Siku ya 2

Nimekwenda kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Friji gani tena leo?"

"Leo si friji, Mwalimu. Nimekuja na neno."

Nikalisoma kama lilivyoandikwa: gisti, kwa g ya gari. Akatikisa kichwa taratibu. Akaniambia nahau hii ina g mbili zinazosomwa tofauti. "Get" ni g ya gari, "gist" ni j ya jiko. Waingereza wana "gift" na "give" kwa g ngumu, halafu wana "giant" na "ginger" kwa j, na herufi zote ni zilezile. Kwa sisi tuliozoea kwamba herufi ikiandikwa hivi husomwa hivi, hakuna njia ila kulishika neno kwa sikio.

Tatizo la pili ni mkia. Ulimi wangu hautaki neno liishie kwenye t kavu, unaongeza i: "jisti". Nilirudia labda mara hamsini njiani nikirudi. Vijana wa bodaboda pale kijiweni waliniuliza kama niko salama.

Siku ya 5

Jioni tulizungumza kuhusu Kiswahili chenyewe, maana Mwalimu hakubali mtu ajifunze nahau ya watu kabla hajauliza kwao inasemwaje.

Bahati nzuri ni kwamba "get" hapa ni "pata" yetu kabisa. Tunasema "umenipata?" na mtu anajibu "nimekupata". Hakuna aliyemkamata mwenzake, ila maneno yamefika. Tunasema pia "umeshika?" Kwa hiyo nusu ya kwanza ya nahau ninayo tangu utotoni.

Nusu ya pili ndiyo kazi. "Gist" ni nini? Nikasema kiini. Mwalimu akakubali, halafu akanyanyuka akaniita jikoni, ambako mkewe alikuwa anakuna nazi kwa wali wa usiku. Akasema: "Tazama. Nazi yote imo kwenye bakuli, lakini chakula kinangoja tui. Ukimaliza kukamua, hiyo inayobaki ni chicha. Mtu akikusomea barua ya kurasa tatu, wewe mkamulie tui umpe." Mkewe akaongeza kwamba chicha nayo ina wenyewe, kuku wake wanaijua. Nimeyaandika maneno yote mawili, la Mwalimu na la mama, kwa sababu nahisi nitalihitaji hilo la pili.

Siku ya 8

Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili na anakaa kwangu. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama wengi wetu, kisha kidato cha kwanza kikamgeukia na Kiingereza kila somo isipokuwa Kiswahili. Namwona kila usiku: kamusi mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, juu ya kila neno la Kiingereza ameandika neno dogo la Kiswahili. Akimaliza aya, nikimuuliza imesema nini, ananyamaza.

Nimemwomba awe mwenzangu kwenye mradi. Akasema, "Sawa, mjomba, lakini na mimi niandikwe kwenye daftari." Ameandikwa.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa aya ya Kiingereza kuhusu mkonge. Inasema kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kama 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai Afrika Mashariki ni 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge tunayoyaona tukitoka Tanga kwenda Muheza na Korogwe yana asili hiyo.

Sharti tuliloweka: soma mara moja bila kamusi, funga kitabu, sema kwa pumzi moja. Jaribio lake la kwanza lilikuwa majina na tarakimu tupu: "Hindorf, 1893, Florida, Hamburg, 1,000." Hakukuwa na habari ndani yake. La pili: "Mjerumani alileta mkonge." Kweli, lakini habari imekufa. La tatu alifumba macho, akasema: "Mkonge wote huu wa kwetu ulianza na miche 62 iliyoponea safarini."

Hapo nilipiga meza. Nikamwambia kwa Kiingereza: "You got the gist." Ndiyo mara yangu ya kwanza kuitumia kwa mtu, na nilikuwa namaanisha.

Angalia kwamba namba moja ilibaki ndani ya kiini. Nilidhani kiini maana yake ni kutupa namba zote. Kumbe 62 ndiyo habari yenyewe, na 1,000 ipo ili 62 ionekane ndogo.

Siku ya 12

Leo tumekaa muda mrefu kuliko siku zote. Niliuliza neno hili limetoka wapi, na Mwalimu akatoa kamusi yake nene, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

Si neno la Kiingereza kwa kuzaliwa. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, chini ya William waliiteka Uingereza, na wakubwa wapya walikuwa wanasema Kifaransa. Kwa muda mrefu mahakama zikaendesha mashauri kwa Kifaransa cha aina yake. Wanasheria walikuwa na msemo "cest action gist", yaani shauri hili lina pa kukaa, lina msingi. "Gist" pale ni kitenzi, chenye maana ya kulala au kukaa mahali, na asili yake zaidi ni Kilatini. Mwanzoni mwa karne ya 18 Waingereza walikuwa wamekigeuza kitenzi hicho kuwa nomino: "the gist" ya shauri ni lile jambo ambalo ukiliondoa shauri lote linaanguka. Baadaye neno likatoka mahakamani likaingia mitaani.

Mwalimu akaniambia kwamba kwenye makaburi ya zamani ya Wafaransa huandikwa "ci-gît", hapa amelala fulani, na kwamba ni kitenzi hichohicho. Nilikaa nalo hilo kidogo. Kwetu, shauri likilala maana yake faili limesahauliwa kabatini. Shauri zuri kwetu husimama, hoja husimama. Kwao lililala mahali pake likatulia. Picha mbili zinazopingana, na zote zinauliza kitu kimoja: msingi uko wapi?

Mwaka 1362, enzi ya mfalme Edward wa Tatu, ilipitishwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu wa kawaida hawakukielewa Kifaransa kilichotumika kuwahukumu. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mwalimu alipofika hapo akavua miwani. Akanikumbusha kwamba na sisi, mwaka 2021, Bunge letu lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Hapo nikamweleza jambo ambalo sijalisema kwa watu wengi. Nilipokuwa kidato cha pili, umri wa mpwa wangu sasa, baba alikuwa na kesi ya shamba. Alirudi nyumbani na hukumu mkononi, imeandikwa kwa Kiingereza, akanipa nimsomee kwa sababu ndiye mimi niliyekuwa nasoma. Nikawasha koroboi, nikachukua kamusi, nikamtafsiria ukurasa wa kwanza neno kwa neno. Ilituchukua karibu saa nzima. Baba alisikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza ukurasa akaniuliza kwa upole: "Sasa mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?"

Sikujua. Nilikuwa nimesoma kila neno na sikujua.

Jibu lilikuwa mistari miwili ya mwisho, ukurasa wa sita. Alikuwa ameshinda. Lakini aliipata habari hiyo kesho yake kutoka kwa mtu mwingine, na mimi nikakaa na aibu ile mpaka leo. Nilikuwa nimemkunia nazi saa nzima nisimkamulie tone.

Siku ya 15

Kazi nyingi, friji nne. Sikufungua daftari mchana. Usiku nimesoma barua moja tu ya Kiingereza, ya mteja, na nimeandika kiini chake kwa maneno tisa.

Siku ya 19

Nimekutana na ndugu za nahau hii na nusura zinivuruge. "Get the point" ni kuelewa hoja ya msemaji, anataka nini hasa. "Get the picture" ni kuona hali nzima ilivyo, na mtu akikuuliza "You get the picture?" kwa sauti fulani huwa amechoka kukueleza. "Get the message" mara nyingi ina fumbo, kama mgeni anayeona mwenyeji anafagia sebule saa nne usiku. "Get the hang of" haimo kabisa kwenye ukoo huu: ni kuzoea namna ya kufanya jambo, kama mwanafunzi wangu wa karakana anavyoanza kuizoea tochi ya kuchomelea.

Mwalimu amenikataza kuzikusanya. "Ulikuja na neno moja. Limalize." Kwa hiyo nimezifungia ukurasa wa nyuma. Nilichobaki nacho ni miundo mitatu ya kuzungumzia: "I get the gist", "give me the gist", na "that's the gist of it". Lazima "the" iwepo. Nilikuwa naidondosha kila mara, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo.

Siku ya 22

Kijana wa Kinaigeria aliyekuja na mzigo bandarini alileta jokofu dogo la gari. Tulipokuwa tunangoja gesi ijae akaniambia: "Gist me about Tanga." Nikaanza kumpa muhtasari wa historia ya mji. Akacheka kirafiki. Kwa Kiingereza cha kwao "gist" ni stori, umbea mzuri wa barazani, na wameifanya hata kitenzi. Alitaka habari za mtaa. Nikampa za mtaa.

Neno limesafiri kutoka kinywani mwa wanasheria wa Kinormani mpaka barazani Lagos, na kila lilipofika watu wamelikalisha wanavyotaka. Nimefurahi kulisikia huko.

Siku ya 26

Leo nahau imefanya kazi. Naandika usiku huuhuu nisisahau mpangilio.

Nina mteja Raskazone, mama wa Kiingereza mwenye nyumba ya wageni. Friji yake kubwa inasumbua. Akanieleza akiwa amesimama mlangoni, haraka, huku anajibu simu nyingine. Mwezi mmoja uliopita ningesema "Yes, yes" na kuingia ndani kupapasa. Leo nilivuta pumzi nikasema: "I think I get the gist. Let me say it, and you tell me what I missed."

Nikasema nilichoshika: umeme ukikatika na kurudi, friji inajaribu kuwaka, inanguruma, inazima, halafu baada ya dakika kadhaa inawaka yenyewe. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akasema nilichokosa: plagi ukutani inapata moto mpaka harufu inatoka.

Hilo la kwanza nalijua kama njia ya nyumbani. Umeme ukirudi mara moja, gesi bado ina shinikizo kubwa upande mmoja, kompresa inashindwa kuanza, kinga yake inaikata, na ikipoa inajaribu tena. Dawa ni kifaa cha kuchelewesha umeme, friji gadi kama tunavyokiita, kisubirishe dakika chache. Lakini plagi inayonuka ni moto wa nyumba. Nilianza na plagi. Soketi ndani ilikuwa imeungua nusu.

Nikirudi nilifikiri sana kuhusu "Yes" yangu ya Dubai. Shuleni tulifundishwa majibu mawili: nimeelewa, sijaelewa. La pili lilikuwa na aibu, wakati mwingine na fimbo, kwa hiyo sote tukasema la kwanza. "I get the gist" ni jibu la tatu. Unamwambia mtu: nimeshika kiini, na nakiri kwamba kuna mengine sijayashika. Ni ukweli kamili na hauna aibu ndani yake. Na yule mama, kwa kusikia hivyo, alipunguza kasi yeye mwenyewe.

Kiswahili kinaweza kusema hivyo pia, "nimekupata kwa jumla", lakini nikikumbuka vizuri ni mara chache tunajiruhusu kusema.

Siku ya 31

Sasa lile neno la mama wa jikoni, kwamba chicha nayo ina wenyewe.

Nimekaa na ile kompresa ya R600a mbele yangu na karatasi zake zote. Kiini cha karatasi nimekipata kwa dakika mbili: kompresa ndogo ya friji ya nyumbani. Hicho ndicho kiini nilichokishika pia kwenye simu. Kilikuwa sahihi! Nilipata hasara nikiwa na kiini sahihi mkononi, kwa kuwa hasara ilikaa kwenye herufi na namba tatu baada yake.

R600a ni isobutani, inawaka kama gesi ya jikoni. Friji ya nyumbani hujazwa gramu chache, makumi tu, kwa mizani. Huwezi kumwambia fundi "kwa jumla weka kidogo". Huwezi kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi hiyo, wala kufanya kazi chumba kisicho na hewa. Kwenye karatasi hizi neno dogo "not" lina uzito kuliko aya nzima.

Nimemwita mpwa wangu tukachora mstari kati ya ukurasa. Kushoto, vitu ambavyo kiini kinatosha: barua ya salamu, taarifa ya habari, historia ya mkonge, maelezo ya mteja kwa mara ya kwanza. Kulia, vitu vya kusoma herufi kwa herufi: aina ya gesi, gramu, volti, kipimo cha dawa, mkataba, na kila sentensi yenye "not". Yeye akaongeza maswali ya mtihani upande wa kulia. Amesema kweli.

Hukumu ya baba nimeshindwa kuiweka. Mwishowe nimeiandika juu ya mstari wenyewe. Kiini kwanza, ili mzee alale. Halafu kila neno, kesho yake, kwa mwanga wa mchana.

Siku ya 36

Nimepiga Dubai.

Bwana ni yuleyule na kasi ni ileile. Nikamwacha amalize. Akauliza, kama nilivyojua atauliza, kama nimepata "the gist". Nikajibu: "I get the gist. Now give me the gas, the voltage and the model, one by one, slowly. I am writing."

Kukawa na kimya kidogo upande wa pili. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyekaa chini: "Okay, my friend. Gas first." Akataja R, moja, tatu, nne, a. Nikarudia. Akataja volti, nikarudia. Modeli alinitajia herufi moja moja. Mpwa wangu alikuwa pembeni anaandika kwenye karatasi yake, na tulipolinganisha zilikuwa sawa.

Tukakubaliana na bei. Ile ya R600a ataipokea nikilipa usafiri.

Siku ya 40

Boksi limefika asubuhi kwa basi la Dar. Kabla ya kukata utepe nilimwita mpwa wangu na karatasi yake. Akasoma kibandiko kwa sauti: R134a, volti 220 hadi 240, hezi 50. Modeli herufi kwa herufi.

Nimeifunga kwenye friji ya mama muuza samaki, nimebadilisha na kichujio, nimevuta hewa, nimejaza gesi kwa mizani. Saa kumi jioni bomba la kurudi lilikuwa limeanza kutoa jasho la baridi. Mama alikuja na mwanawe. Nilianza kumweleza kilichokuwa kimetokea tangu mwanzo, Dubai, simu, gesi mbili. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, kwa hiyo kesho nisinunue barafu?"

"Usinunue, mama."